Chombo Kilichopakwa Sifa

Soma tangazo lolote la boti ya matanga iliyotumika, zile za kusafiria bahari kuu, na utaona linafanana na jingine. Futi 40, bodi ya faibaglasi, injini ya dizeli iliyofanyiwa sevisi. Matanga mapya. Paneli za sola, mashine ya kugeuza maji ya bahari kuwa maji matamu, redio, rada, boti ndogo ya kujiokolea, nanga tatu. Mwishoni utakuta ahadi kwamba iko tayari, ukipanda unang'oa nanga. Mengi ya matangazo haya hutoka kwenye bandari ambako safari za watu hukatikia: Trinidad, Grenada, Panama, Whangarei kule New Zealand. Mtu aliuza nyumba akasafiri miaka miwili, sasa mgongo unamsumbua au mtoto anatakiwa shule. Orodha ni ndefu kwa sababu kila kifaa kilinunuliwa kwa hofu fulani au kwa tumaini fulani, na mwenyewe anataka angalau nusu ya hofu zake zirudi kama fedha.

Sasa tuseme kila neno katika orodha hiyo ni kweli. Matanga ni mapya kweli, rada inafanya kazi. Ila miaka minne nyuma boti ilipwelewa kwenye mwamba, ikatengenezwa haraka, ikapakwa rangi, na tangu hapo haijaleta shida. Tangazo halisemi hilo. Je, muuzaji amedanganya?

Lugha yetu ina neno linalofaa hapa. Sifa, kama tunavyolijua wote, ni kutaja uzuri wa kitu. Lakini kwa watu wa vyombo, sifa ni mafuta ya papa yanayopakwa mbao za dau au jahazi ili zisioze. Kazi yake ni kuhifadhi ubao, na kwa kazi hiyo ni kitu kizuri. Kuziba upenyo ni kazi nyingine, kazi ya kalafati: fundi anashindilia pamba kati ya mbao, ubao kwa ubao, taratibu. Chombo kinahitaji vyote viwili. Balaa huanza pale mtu anapopaka sifa mahali panapotaka kalafati, na maana zote mbili za neno zinakuwa kitu kimoja.

Mjadala huu ni wa kale. Cicero, Mroma, aliuandika mwaka 44 kabla ya Kristo katika kitabu chake kuhusu wajibu. Mfanyabiashara amewasili Rhodes na shehena ya nafaka kutoka Alexandria, wakati kisiwa kina njaa na bei iko juu. Anajua meli nyingine zenye nafaka ziko njiani. Aseme, au anyamaze auze? Cicero anawaweka Wastoa wawili wabishane. Antipater anasema muuzaji hapaswi kumficha mnunuzi chochote anachokijua. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji aseme yale ambayo sheria inamtaka aseme, asidanganye, na mengine ni yake. Kunyamaza na kuficha ni vitu viwili.

Tusimdharau Diogenes. Hoja yake ndiyo inayoendesha masoko mengi hadi leo. Sheria ya Kiingereza ya kuuza bidhaa ya mwaka 1893, ambayo sheria za Kenya na Tanzania zimeifuata kwa mengi, humlinda zaidi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hiyo. Mtu binafsi akimuuzia mwenzake, kwa kawaida mnunuzi ndiye afungue macho. Na kuna haki ndani yake. Mnunuzi wa boti ni mtu mzima, ana fedha, anaweza kuajiri mkaguzi. Boti itapandishwa nchi kavu, mkaguzi atagongagonga bodi kwa nyundo ndogo, atapima unyevu, atakagua kebo za chuma zinazoshika mlingoti. Kwa nini muuzaji afanye kazi ambayo mwingine analipwa kuifanya?

Jibu langu ni kwamba zipo kasoro za aina mbili. Ipo inayokaa ndani ya kitu: tanga lililochakaa, injini inayotoa moshi mweusi. Hiyo, mwenye macho ataiona, na mkaguzi amesomea kuiona. Halafu ipo kasoro inayokaa kwenye kumbukumbu ya mtu. Siku ile ya mwamba, mlio ule chini ya miguu, fundi aliyesema "ningekuwa mimi ningefungua kila kitu" na wewe ukamwambia afanye cha kutosha tu. Hakuna nyundo inayogonga kumbukumbu. Mkaguzi anaweza kuona rangi mpya, lakini kilichofanya rangi hiyo ipakwe unakijua wewe. Hapo hoja ya Diogenes inakosa miguu, maana ilitegemea kwamba mnunuzi akijitahidi atajua. Hapa ajitahidi vyovyote, mlango umefungwa na ufunguo uko mfukoni mwako.

Ingekuwa kiti au kabati, tungeishia kwenye fedha na lawama. Boti ya bahari kuu ni habari nyingine. Mei 2014 boti iitwayo Cheeki Rafiki, ndiyo, jina lenye neno letu, ilikuwa ikirudi Uingereza kutoka Antigua na watu wanne. Katikati ya Atlantiki mkuku wake ukabanduka, boti ikapinduka, na wote wanne wakapotea. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Uingereza mwaka uliofuata ilisema kwamba kupwelewa kulikowahi kutokea na matengenezo yaliyofuata huenda vilidhoofisha maungio ya mkuku na bodi. Haikuwa kesi ya kuuza na kununua, na siitaji ili kumhukumu mtu. Naitaji kwa sababu inaonyesha jambo dogo la zamani, lisiloonekana ukiwa juu ya sitaha, linaweza kungoja miaka na maelfu ya maili.

Kuna muuzaji mwingine anayenisumbua zaidi ya huyu anayenyamaza. Ni yule aliyejinyamazisha mwenyewe kwanza. W. K. Clifford, mwanahisabati wa Uingereza aliyewahi kunusurika chombo kilipozama karibu na Sicily mwaka 1870, aliandika mwaka 1877 insha kuhusu maadili ya kuamini. Anaanza na mwenye meli ambaye meli yake ni kuukuu, ameshaambiwa ina mashaka, na inakaribia kuondoka na wahamiaji. Anajituliza: imesafiri mara nyingi, imerudi salama, Mungu yupo. Pole pole shaka inakufa, na anaiaga meli kwa moyo mweupe. Inazama. Clifford anasema ana hatia ya vifo vile, na kwamba angekuwa na hatia ileile hata kama meli ingefika. Aliamini kweli, lakini imani ile aliipata kwa kuzima shaka badala ya kuichunguza.

Wauza boti wengi, nadhani, ni watu wa namna hii. Si matapeli. Wanaipenda boti yao. Wamelala ndani yake, wamemlea mtoto ndani yake. Anapoandika "haijawahi kunipa shida" anajisikia anasema kweli. Na ukimpenda mtu au kitu sana, kusahau madhaifu yake ni kazi rahisi mno.

Mtu atasema: basi kila mwenye chombo kibovu akose mnunuzi? Hapana. Joshua Slocum alipewa boti iitwayo Spray ikiwa imeoza, imeegeshwa shambani Fairhaven, Massachusetts. Hakuna aliyemficha. Akaijenga upya kwa miezi 13 na dola 553.62 za vifaa, na kati ya 1895 na 1898 akazunguka nayo dunia akiwa peke yake, mtu wa kwanza kufanya hivyo. Uozo unaojulikana ni kazi ya fundi. Ukiufunika unakuwa mtego.

Ugumu halisi uko kwenye bei. Anayeuza pengine anaumwa, ana deni, na yeye mwenyewe aliuziwa kwa kimya hichohicho. Akisema, bei inashuka. Kwa nini hasara imwangukie yeye peke yake, baada ya wenzake watatu kupokezana siri ile? Namwonea huruma, kweli. Lakini bei haikushushwa na ukweli. Ilishuka siku ile ya mwamba, na kimya kinachofanya ni kutafuta mtu mwingine wa kuilipa. Ni sawa na wetu wanaouza kiwanja cha bondeni wakati wa kiangazi, vumbi likitimka, huku wakijua masika maji hufika dirishani. Mnunuzi ameoneshwa kiwanja chote. Hakuoneshwa mwezi wa nne.

Waislamu wa pwani wanaijua hadithi iliyomo katika Sahih Muslim: Mtume alipita sokoni akaingiza mkono katika lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuweka yaliyolowa juu watu wayaone. Sheria iliyojengwa juu ya mafunzo hayo inampa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu kwa kasoro iliyofichwa, na kasoro hiyo kwa Kiarabu huitwa kwa neno lililotupa sisi *aibu*. Huko lilikuwa doa la bidhaa. Kwetu limehamia usoni kwa mwenye bidhaa, na sioni kama lilipotea njia.

Antipater alitaka kila kitu kisemwe, na hapo alizidisha. Hakuna awezaye kusimulia kila mkwaruzo. Mimi ningedai kidogo tu: kile unachokijua wewe peke yako, na ambacho ungetaka kukijua usiku wa dhoruba kama watoto walio ndani wangekuwa wako. Boti nyingi zina daftari la safari. Liwekwe mezani pamoja na funguo na risiti za paneli za sola, na ukurasa wa siku ile ya mwamba uwemo.