Septemba Si ya Ovataimu

Ukimwambia mtu wa Njombe kwamba kuna nchi ya mahindi mpaka macho yanachoka, na kwenye nyumba za wakulima wake hakuna anayesonga ugali, atadhani unamtania. Ndiyo Iowa hiyo, jimbo la Marekani ninakoishi. Mahindi ya huku ni ya manjano, magumu, na mengi huishia tumboni mwa nguruwe na ng'ombe, au kiwandani yakageuzwa ethanoli ya kuchanganywa na petroli. Mwezi wa tisa ukiingia huanza kukaukia shambani yakiwa wima. Soya huyatangulia: hugeuka manjano kwa siku chache, kisha hupukutisha majani yote na kubaki vijiti vyenye maganda ya kahawia, ikisubiri kombaini.

Kwetu mwaka tunaupima kwa mvua. Huku wanaupima kwa mwanga. Katikati ya Juni jua huzama karibu saa tatu usiku. Mwisho wa Septemba huzama karibu saa moja jioni, na kila siku inapungua kwa dakika tatu hivi. Miti nayo huufuata mwanga huohuo. Siku zikifupika, jani huacha kutengeneza ile kijani yake, na manjano iliyokuwa imejificha chini yake tangu lilipochipua hupata nafasi ya kuonekana. Nyekundu ni habari nyingine kabisa: hiyo jani huitengeneza upya, likiwa limebakiza siku zake za mwisho mtini. Sikuwahi kufikiria kwamba kitu kinachokaribia kuanguka kinaweza kuanza kazi mpya.

Nipo kaskazini-mashariki mwa jimbo, upande wa Decorah, penye vilima na majabali ya chokaa. Mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kuelekea magharibi kuna Hayden Prairie, mbuga ya nyasi ya ekari 240 iliyopewa jina la Ada Hayden, mwanamke mtaalamu wa mimea aliyetumia maisha yake kuhesabu na kutetea vipande vya mbuga vilivyosalia. Sehemu kubwa ya Iowa ilikuwa hivi kabla ya jembe. Leo haijabaki hata asilimia moja. Ukiingia humo Septemba, nyasi zinakupita kichwa. Rangi zake ni za shaba na zambarau, na katikati yake yamejaa maua ya manjano ya goldenrod. Maua hayo watu huyasingizia mafua ya msimu bure tu, maana chavua yake ni nzito na haipeperuki. Mwenye kosa ni gugu liitwalo ragweed, ambalo huchanua wakati huohuo bila ua la kumvutia mtu.

Juu ya maua hayo hutua vipepeo wa monarch, wa rangi ya chungwa na mistari myeusi. Wenzao waliozaliwa Juni waliishi wiki chache tu wakafa. Hawa wa mwisho wa kiangazi hawazai kwanza. Wanakula, wananenepa, kisha wanaelekea kwenye milima ya Michoacán nchini Meksiko, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka hapa, wakiwa na uzito wa nusu gramu hivi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika huko. Kusimama na kumtazama mmoja akinyonya nekta ya ua, ukijua anakokwenda, kunatosha kukutoa nyumbani.

Sufu ninayofuma naitia rangi kwa vitu vya msimu huu. Goldenrod hutoa manjano, lakini sharti uzi uloweshwe kwanza kwenye maji ya shabu, ileile ya sokoni, la sivyo rangi haishiki. Walnut nyeusi haina masharti hayo. Tunda lake huanguka likiwa na ganda la kijani, ukubwa wa ndimu nene. Unalikanyaga kwa kiatu cha zamani, unatenga ganda na kokwa, unaloweka maganda kwenye ndoo nje ya nyumba, maana harufu yake si ya kuingiza ndani. Baada ya siku mbili maji ni meusi tii. Yachemshe kwa moto mdogo, tumbukiza uzi uliolowa, uache ulale humo. Asubuhi unautoa ukiwa na hudhurungi ambayo sabuni haiiwezi. Vidole vyako navyo vitakuwa hivyohivyo zaidi ya wiki. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, na mwaka jana bibi mmoja aliiona mikono yangu kabla sijavaa glavu. Alicheka, akanisimulia walivyokuwa wakipelekwa shuleni utotoni na vidole hivyohivyo, mwalimu akiwauliza kama wameoga.

Eneo hili walifika Wanorwe katikati ya karne ya 19, na sindano zao wakaja nazo. Kwenye jumba la makumbusho la Vesterheim hapo Decorah kuna kazi zao za mikono. Lakini mwalimu wangu wa kufuma hakuwa Mnorwe. Ni Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Wisconsin, jimbo la jirani, na kuishi kwenye jengo la zamani la shule ya kijijini. Alifariki mwaka 1999. Kitabu chake cha mwaka 1971 kiliwaambia wafumaji waache kufuata karatasi ya maelekezo kama mateka. Fuma kipande kidogo, hesabu vitanzi vinavyoingia kwenye sentimita 10, gawanya kwa 10, kisha zidisha kwa mzingo wa kifua kwa sentimita. Namba hiyo ndiyo asilimia 100 yako. Kifundo cha mkono huchukua 20, shingo 40. Shangazi yangu Njombe, aliyewafumia watoto wa mtaa mzima masweta ya shule, alifika palepale kwa shubiri na jicho.

Sasa nije kwenye hesabu inayonigombanisha na wenzangu. Uzi wa sufu wa sweta moja la mtu mzima unaweza kufika dola 100 au zaidi. Rafiki yangu Mkongo, mzaliwa wa Uvira, tunayeingia naye zamu ya usiku, ananitazama nikifuma wakati wa mapumziko na kutikisa kichwa: "Yaya, unajitesa nini? Dukani iko dola makumi mbili." Hajakosea hata senti. Na saa ninazotumia kufuma, nikiziuza kazini, zinalipwa mara moja na nusu.

Ila mimi naona hapo ndipo uzuri wake ulipo. Wiki yangu nzima ina bei. Saa ya kazi ina bei, saa ya usingizi nimeikata ili niuze nyingine, hata simu ya nyumbani huishia kwenye fedha ya kutuma. Sweta langu halilipi, basi hakuna anayenidai nilimalize haraka. Nalifumia kibarazani jioni, kombaini zikivuma kwa mbali na vumbi la soya likipanda. Sidharau shida, ada ya mdogo wangu hailipwi kwa vitanzi. Ninachokataa ni kwamba shida ile inahitaji saa zangu zote, na hata hizi.

Kwa hiyo wewe uliyeko Cedar Rapids, Des Moines au mji wowote wa kanda hii, msimamizi akipitisha karatasi ya ovataimu ya Jumamosi ya mwisho ya Septemba, usiandike jina. Wapakie watoto kwenye gari, utoke mjini kabla baridi haijaua maua na vipepeo hawajaondoka. Katikati ya Oktoba utakuwa umechelewa. Ovataimu andika ya Januari, baridi inapoweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri na huko nje hakuna utakachokosa.