Umbo la Kuazima

Swali la nani mwenye haki juu ya kazi iliyobadilishwa ni la zamani, lakini kila sanaa mpya hulizaa upya. Siku hizi limezaliwa mahali ambapo wazee wasingalilitazamia: katika picha ndogo za michezo ya kompyuta, zichorwazo kwa miraba midogo ya rangi iitwayo pikseli. Mwanafunzi wa sanaa hii aghalabu haanzi kwa kuchora. Huchukua umbo lililochorwa na mwingine, askari, mnyama au jini, akalivika rangi azipendazo. Je, afanyapo hivyo huwa amefanya kazi au amenyang'anya?

Kwanza ijulikane kuwa desturi hii haikuanza kwa uvivu bali kwa ufukara. Mashine ya Famicom, iliyotolewa Ujapani na kampuni ya Nintendo mwaka 1983, iliweza kukipa kila kipande cha umbo litembealo rangi 3 tu, na nafasi ya kuhifadhi michoro ilikuwa finyu. Ndiyo sababu katika Super Mario Bros. wa mwaka 1985, mchezo ulioenea katika kilobaiti 40, wingu na kichaka ni umbo moja: jeupe likiwa angani, la kijani likiwa ardhini. Luigi naye alikuwa umbo lile lile la nduguye Mario katika mavazi ya rangi nyingine. Mwaka 1992, katika Mortal Kombat, umbo la mtu mmoja lilitoa mahasimu wawili, Scorpion wa manjano na Sub-Zero wa buluu.

Basi rangi si pambo tu. Yaweza kuzaa nafsi. Lakini huzaa kwa sheria. Mwanafunzi hana budi kuzihesabu rangi zote za picha, azipange tangu ya giza kabisa hadi ya nuru kabisa, kisha aweke badala ya kila moja rangi mpya yenye daraja ile ile ya nuru. Akiuvunja mpango huo, kivuli hung'aa, na shavu lililokuwa duara huwa bapa. Tena afahamu kuwa kivuli si rangi ile ile iliyotiwa weusi: kikielekezwa upande wa buluu au zambarau, na penye nuru pakielekezwa upande wa manjano, picha hupata uhai. Ajaribuye haya hugundua jambo la kumnyenyekesha: daraja za nuru, ambazo ndizo zishikazo umbo, si zake. Zilipangwa na mkono uliomtangulia.

Pana wasemao kuwa aliyebadili rangi amebadili kila kitu, kwa kuwa jicho huvutwa na rangi. Pana wasemao kuwa hakubadili kitu. Wote wamekosa: wa kwanza wamesahau mifupa, wa pili wamesahau nafsi. Wala mfano wa Mario hautoshi kumtetea mwanafunzi, kwa sababu waliomtengeneza Luigi waliazima mali yao wenyewe. Ufukara wao ulikuwa wa mashine. Ufukara wa mwanafunzi ni wa ujuzi.

Ufukara wa ujuzi ni udhuru wa kuazima ili kujifunza, si udhuru wa kuuza wala wa kutia sahihi. Wako wachoraji watoao kazi zao kwa sharti la kutajwa jina, na wako wakatazao. Kulitimiza sharti ni kulipa deni. Na kimya cha mwenye mali si ruhusa. Nguo ya kuazima, wasema wahenga, haisitiri.

Kipimo cha haki ni chepesi. Picha iondolewe rangi zote ibaki kijivu. Kilichotoweka ni cha mwanafunzi, naye asikionee haya. Kilichosalia ni cha aliyetangulia, na atakaye kukiita chake hana budi kujifunza kuchora.