Mafuta Huinua, Chuma Hushikilia

Mwanangu,

Nimesikia zamu yako ya likelemba, mchango wetu wa pesa wa zamu, imekaribia, na makuta yake umekwisha kuyapangia kazi: utanunua lifti ya magari, uisimamishe uani kwenu hapa Alunguli, Kindu. Nimefurahi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na nyinyi mafundi wetu mmeinama vya kutosha. Barabara za Kalima na Kasongo ziko upande wetu huu wa Lualaba, na gari litokalo huko wakati wa mvua huja na springi zilizokatika, giaboksi inayovuja na bushi zilizokwisha, nanyi mnalala chali matopeni kulihangaikia. Kijana anayetaka kufanya kazi hiyo akiwa amesimama wima, mwanga ukimfikia na mikono yake ikiwa huru, anataka jambo la haki.

Basi nisikilize kabla hujazihesabu noti. Nina neno moja kubwa la kukuachia, na mengine yote ni matawi yake: mafuta huinua gari, lakini chuma ndicho kinacholishikilia. Ukilishika neno hili utajua ununue lifti ya namna gani, uinunue lini, na pesa ya kwanza iende wapi.

Chukua kriki yako ya mafuta uitazame. Unapopampu, mafuta husukumwa chini ya pistoni, pistoni hupanda, na gari hupanda nayo. Kinachoyazuia mafuta yasirudi ni vali ndogo na mpira mwembamba unaoizunguka pistoni. Mpira huo huchoka kwa joto, hukwaruzwa na chembe ya mchanga, hukauka kwa kukaa bila kazi. Siku ukiachia, gari linashuka, awepo mtu chini yake au asiwepo. Lifti ya nguzo mbili inafuata kanuni ileile: mota inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta, na silinda zinapandisha mikono minne iliyolibeba gari. Mtengenezaji makini anaujua udhaifu wa mpira, ndiyo maana ndani ya kila nguzo ameweka meno ya chuma na kabari inayoyadaka moja baada ya jingine gari linapopanda. Utaisikia ikilia ka, ka, ka. Ukifika kimo unachokitaka, unashusha kidogo mpaka uzito wote ukae juu ya meno hayo, katika nguzo zote mbili. Hapo ndipo mtu anaruhusiwa kuingia chini. Fundi anayeliacha gari likining'inia juu ya mafuta kwa sababu kazi ni ya dakika mbili ameyaweka maisha yake juu ya mpira.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye stendi nne za chuma, zenye pini au meno, kila moja ikiwa imeandikwa uzito inaoubeba, pamoja na kabari za kuzuia magurudumu. Land Cruiser hardtop ikiwa tupu ina tani mbili na zaidi. Ikipakiwa hupita tatu. Usinunue stendi kwa kuangalia Corolla ya jirani, angalia gari zito kuliko yote yatakayoingia kwenu. Tena acha kabisa matofali na bloku za saruji. Bloku hubeba uzito asubuhi nzima bila kulalamika, kisha ikapasuka mara moja bila kutoa onyo. Kama chuma hakijapatikana, panga vipande vinene vya mbao ngumu za msitu wetu, viwili hivi na viwili vikivikatiza, mpaka viguse chasi. Mbao hulia na kubonyea kabla ya kuvunjika, nawe unapata nafasi ya kutoka.

Pili, kaa mlangoni kwenu mwezi mmoja, uandike kila chombo kinachokuja kutengenezwa. Nadhani utaona pikipiki nyingi kuliko magari, kwa kuwa watu wetu wanatembea kwa pikipiki na mizigo yetu pia. Meza imara ya chuma, yenye njia ya kupandishia na kishikio cha gurudumu la mbele, inaweza kuchomelewa hapahapa Kindu, na itakuokolea mgongo kila siku kabla lifti haijakuokolea mara moja kwa wiki. Meza ya pikipiki naikubali itengenezwe na mchomeleaji wetu. Lifti ya gari iliyochomelewa mtaani siikubali, hata fundi wake awe hodari namna gani, kwa sababu weldi ya kubeba tani mbili juu ya kichwa cha mtu inahitaji kupimwa kwa vyombo ambavyo hana.

Tatu, kabla ya mashine yenye mota, fikiria njia mbili za kuta zinazopanda, gari likapita juu yake na fundi akaingia katikati. Zijenge kwa zege na nondo, zikiwa na ukingo wa kuzuia gurudumu lisitoke pembeni na kizuizi mwishoni. Hazitaki umeme, hazitaki mafuta, hazina mpira wa kuchoka. Magurudumu hutaweza kuyatoa gari likiwa juu yake, lakini oili, giaboksi, ekzosi na mkono wa springi utavifikia. Wengine watakushauri uchimbe shimo. Karibu na mto kama tulivyo, shimo linaweza kugeuka kisima mvua zikikolea. Hata likiwa kavu lina hatari ya pili: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutulia humo, ukingoja cheche moja ya taa au ya spana. Ukilazimika kuchimba, chagua mahali palipoinuka, acha njia ya hewa, na usiingie humo na sigara wala taa ya mafuta.

Ukiisha kuyafikia hayo yote na kazi bado inakuzidi, hapo lifti imekuwa haki yako. Sasa tuitazame yenyewe.

Anza chini. Lifti ya nguzo mbili haisimami kwa miguu yake, inasimama kwa bolti zilizozama kwenye zege. Vitabu vingi vya watengenezaji hutaka zege lisilopungua sentimita 10 kwa unene, na vingine 15 au 20 lenye nondo. Sakafu nyingi za uani kwetu ni tabaka la saruji la vidole viwili lililomwagwa juu ya udongo wa kujaza. Nguzo juu ya sakafu ya namna hiyo ni mti wa ukingoni ambao mto umekwisha kuula udongo wake: unasimama mpaka siku utakapoegemewa. Vunja sakafu hiyo, chimba mpaka udongo mgumu, shindilia, funga nondo, mwaga zege lenye kipimo, kisha ulimwagilie maji kila siku na usiliguse. Zege hupimwa nguvu zake baada ya siku 28. Subiri siku hizo zote ndipo utoboe matundu ya bolti. Matundu yawe mbali na ufa na mbali na ukingo, kwa kiasi kilichoandikwa kitabuni.

Kisha tazama juu. Lifti hupandisha gari kiasi cha mita 1.8. Ongeza urefu wa hardtop yenyewe, ambao ni kama mita mbili, na keria yenye mizigo. Utaona kwamba paa la mabati la mita tatu halitoshi. Usiseme utakuwa unakumbuka kusimama mapema. Jenga banda refu linalostahili, likinge mota na mvua, na uache pande wazi hewa ipite.

Umeme nao ni jambo la kupigia hesabu kwa utulivu. Mota ya lifti nyingi ndogo ni ya kilowati 2.2, na zipo zinazotaka volti 220 na zinazotaka volti 380 za nyaya tatu. Uliza kabla ya kulipa, maana mota ya volti 380 uani kwako itabaki pambo. Tena mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inavyovuta ikiwa imekwisha kushika mwendo. Jenereta ndogo inayowasha taa na friji itazimika mara tu utakapobonyeza. Na jambo hili wauzaji hawalisemi: gari likiwa limekaa juu ya meno, huwezi kulishusha mpaka kwanza ulipandishe kidogo ili kabari ziachie. Umeme ukikatika wakati huo, gari la mteja linabaki angani. Hakuna hatari, kwa kuwa chuma kinashikilia, lakini mteja anataka kurudi Kalima leo. Basi lifti yako iwe na jenereta inayoimudu, au uchague ile inayokubali pampu ya mkono.

Njia ya kuifikisha hapa ihesabiwe ndani ya bei. Tangu vita vilipozifikia Goma na Bukavu mwaka 2025, njia tulizozizoea upande wa Kivu zimekuwa ngumu. Mzigo unaoshuka Dar es Salaam unaweza kufika Kigoma, ukavuka ziwa hadi Kalemie, kisha ukangoja treni ya SNCC kupitia Kabalo na Kongolo. Reli ya Kongolo hadi Kindu ina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na anayeitegemea awe na subira. Treni nayo inaishia ng'ambo ya kushoto ya mto, nasi tuko kulia, kwa hiyo mzigo lazima uvushwe. Lifti nzima hupita nusu tani, na nguzo moja ina urefu wa kama mita tatu. Usiipakie kwenye mtumbwi wa abiria ili kuokoa siku mbili, ngoja baki, yaani kivuko kikubwa. Lualaba imekwisha kuchukua mali na watu wa kutosha.

Kwa sababu njia ni ndefu hivyo, agiza vipuri pamoja na mashine: seti ya mipira ya silinda, kebo za kusawazisha nguzo, pedi za mpira za mikono minne. Ukipewa iliyotumika, usiitazame rangi. Tafuta kibao cha chuma chenye jina la mtengenezaji na uzito inaoubeba. Kama kimeng'olewa, ondoka. Tazama kama kuna weldi mpya kwenye nguzo au mikono, kama nyuzi za kebo zimekatika, kama kabari zinadaka pande zote mbili kwa pamoja. Dai gari liinuliwe mbele yako, likae juu ya meno, nawe usubiri.

Kuna pia maneno ya nyumbani. Uwanja ni wa nani? Lifti ikishafungwa kwa bolti haihamishwi kama sanduku la spana. Kaa na baba zako wadogo na dada zako, mkubaliane mbele ya wazee na muandike, ili siku ya kugawana kiwanja mashine isije ikawa chanzo cha kesi. Kama unapanga, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kuvunja sakafu yake.

Ukianza kuitumia, gari lishushwe mizigo kwanza. Magunia ya mchele, madumu ya mawese, mifuko ya kasiteriti, vyote vitoke, kwa maana mzigo ulio nyuma unalivuta gari lianguke nyuma. Weka pedi kwenye chasi, mahali palipokusudiwa. Pandisha kiganja kimoja, simama, litikise, tazama pedi zote nne, ndipo uendelee. Ukikusudia kushusha injini au ekseli ya nyuma, jua kwamba mizani itabadilika gari likiwa juu, basi litegemeze kwa stendi ndefu kabla hujafungua bolti ya kwanza. Asubuhi kabla ya kazi pitia kebo, bolti za sakafuni na kabari. Na kwa kuwa gereji yako iko nyumbani, weka kamba au uzio: mtoto anayekimbiza mpira hajui kusoma onyo.

Nimeacha mwishoni lililo zito zaidi moyoni mwangu. Gereji ikikua, wewe hutakuwa unaingia chini ya gari kila mara. Utakuwa unapokea simu, unajadiliana bei, unavuka mto kutafuta vipuri. Atakayeingia ni kijana wa miaka kumi na sita aliyeletwa na mama yake ajifunze kazi. Hajui tofauti ya gari lililokaa juu ya mafuta na gari lililokaa juu ya chuma. Kwake yote mawili ni gari lililo juu. Ameingia kwa sababu umemwambia aingie. Kwa hiyo zege unalomwaga, stendi unazonunua na siku 28 unazosubiri, unamlipia yeye. Mfundishe neno hili kabla hujamfundisha spana, na mpe ruhusa ya kukataa kuingia, hata mbele ya mteja, mpaka asikie kabari zimedaka.

Kama makuta hayatoshi kwa zege na mashine, mwaga zege mwaka huu na ununue mashine mwakani. Wenzako watakucheka kwa kuwa na sakafu nzuri isiyo na kitu juu yake. Waache wacheke. Mungu aibariki mikono yako, aikuze kazi yako, na amrudishe jioni kwa mama yake kila mtoto anayeingia chini ya gari kwa kukuamini wewe.