Kinyozi na Kisogo Chake

Wahenga wamesema kinyozi hajinyoi, na wakaongeza kuwa mganga hajigangi. Semi hizo zimerithiwa kizazi baada ya kizazi bila ya kudaiwa ushahidi. Kisha mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha na neno lake kuu, kujitegemea; likafundishwa shuleni, likatungiwa nyimbo na mashairi, hata likawa sifa ya kwanza ya mtu aliyekamilika. Kauli hizi mbili hazisemi jambo moja. Ya kwanza inamwonya mtu asijitendee mwenyewe. Ya pili inamwambia kuwa asiyejitendea atabaki mikononi mwa wengine. Aghalabu watu huukwepa mgongano huo kwa kuitumia kila kauli siku inayowafaa. Lakini pana mahali ambapo haukwepeki, napo ni ufukweni, pale mwenye boti anapoifungua mashine yake kwa mkono wake mwenyewe ili abadilishe gasketi ya silinda.

Katika fukwe za pembezoni mwa Dar es Salaam, kutoka Kunduchi upande wa Kinondoni hadi Kigamboni, iliyokuwa sehemu ya Temeke kabla ya kuwa wilaya peke yake, mashine ya kufungwa nyuma ya chombo imekuwa kiungo cha riziki. Haina umri mrefu duniani. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyekulia Marekani, alianza kuuza zake huko Milwaukee mwaka 1909, mwaka uleule aliozaliwa Shaaban Robert kule Vibambani, karibu na Tanga. Katika muda huo mfupi mashine imewaondolea wavuvi wengi tanga na mlingoti. Zamani upepo ukikatika, nahodha alisubiri upepo. Leo mashine ikizima nje ya kisiwa cha Mbudya, katika vyombo vingi hakuna cha kusubiri ila huruma ya chombo kingine. Na wakati wa kusi, upepo na mkondo vyote huelekea kaskazini, na chombo kisicho na nguvu huelekea hukohuko.

Ndani ya mashine hiyo mna kipande chembamba kilichobanwa kati ya bloku ya injini na kifuniko cha silinda. Upande mmoja wake pana moto. Upande wa pili hupita maji ya bahari yanayoipoza injini. Mashine ya mipigo miwili inapozunguka mara 5,000 kwa dakika, kila silinda huwaka zaidi ya mara 80 kwa sekunde moja, na kila mwako hukisukuma kipande kile kitoke mahali pake. Kazi yake ni moja tu: moto usiyafikie maji, wala maji yasiufikie moto.

Mtu wa pwani hana ugeni na kazi ya namna hiyo. Fundi wa majahazi hutia kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta, akaishindilia katika mianya ya mbao. Kisha ubavu ukapakwa sifa, mafuta yatokanayo na ini la papa. Sifa hiyo hunuka, lakini huzuia maji; sifa ya maneno hunukia, wala haizuii kitu. Gasketi ni kalafati ya chuma, na kama kalafati, kazi yake ikishatendwa haionekani tena. Abiria huona rangi ya chombo na jina lililoandikwa ubavuni. Kinachomfikisha hakioni.

Gasketi haiungui bila ya sababu. Mchanga au mwani huziba tundu la maji. Mabawa ya mpira ya pampu hulika. Ule mchirizi unaoruka kutoka katika mashine, ambao nahodha mzoefu huutupia jicho kila mara, hupungua au hukatika. Joto hupanda, kifuniko cha aluminiamu hupinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na gasketi huungua mahali palipolegea. Hapo mashine huwaka kwa shida, hupungukiwa na nguvu, hutoa mvuke mweupe, na plagi ikifunguliwa hutoka na matone ya chumvi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: maji hayo yakiachwa yataila mashine kutoka ndani, beringi baada ya beringi.

Mwenye boti ana sababu njema za kuushika mwenyewe mpini wa spana. Kila siku mashine inapolala, nyumba kadhaa hulala nayo. Spea hupatikana Kariakoo, lakini malipo ya fundi juu ya bei ya spea huenda yakala samaki wa siku nyingi. Hata hesabu ikiwekwa kando, ipo heshima katika jambo hilo. Matthew Crawford, Mmarekani mwenye shahada ya uzamivu katika falsafa ya siasa, aliacha kazi ya ofisini akafungua karakana ya pikipiki, na mwaka 2009 akachapisha kitabu kizima cha kuitetea kazi ya mkono kuwa ni kazi ya akili. Anayeijua mashine yake hatishwi na kila mlio, wala haibiwi na kila mjuaji. Hiyo ni sehemu ya uhuru, na Azimio halikukosea kulisisitiza.

Kazi yenyewe humfunza mtu unyenyekevu. Bolti zilizokaa chumvini hushikana na aluminiamu, na anayezilazimisha huzikata. Hufunguliwa kidogo kidogo, kwa kupokezana, kuanzia za pembeni, ili kifuniko kisipinde zaidi. Mabaki ya gasketi ya zamani hukwanguliwa bila ya kuuchubua uso wa chuma, kwani mchubuko mdogo ni mlango. Kisha rula ya chuma hulazwa juu ya kifuniko, na nafasi iliyo chini yake hupimwa. Palipopinda kidogo, msasa hubandikwa juu ya kioo kinene, na kifuniko husuguliwa juu yake taratibu, kwa mizunguko ya namba 8, mpaka uso wote ung'ae sawasawa. Ndipo gasketi mpya ilazwe, na bolti zikazwe kuanzia za katikati kwenda nje, kwa zamu zaidi ya moja, kwa spana ya kipimo na kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji. Mpenzi wa mashairi hatashangazwa na utaratibu huo. Anajua kuwa mizani moja ikizidi, ubeti mzima hulegea, hata kama kila neno lake ni zuri.

Katika kila hatua hizo kuna njia ya mkato, na kila njia ya mkato humalizikia chini ya kifuniko. Gasketi ya zamani yaweza kupakwa gundi ikarudishwa. Kifuniko chaweza kufungwa bila ya kupimwa. Mkono waweza kukadiria mkazo na kuapa kuwa umetosha. Mashine itawaka vilevile, na kwa siku ya kwanza hakuna atakayejua tofauti. Kubwa kuliko yote, mtu aweza kubadilisha gasketi asiulize ni nini kilichoiunguza ya kwanza. Pampu ikiwa bado mbovu, gasketi mpya imetiwa tu katika foleni ya kuungua.

Hapo ndipo maneno ya wahenga yanaporudi. Fundi aliyeajiriwa ana mtu wa kumkagua, naye ni mwenye mali. Anayejitengenezea mwenyewe ndiye mtendaji, ndiye msimamizi, ndiye hakimu. Na hakimu huyo anataka kwenda baharini kesho alfajiri. Shida kubwa ya kujitendea ni kwamba shahidi ana maslahi katika kesi. Ujinga huja nyuma yake. Aristotle alifundisha kuwa mtu huwa mjenzi kwa kujenga, lakini aliongeza jambo ambalo wasifiaji wa kujifunza wenyewe hulisahau: kwa kujenga vibaya mtu huwa mjenzi mbaya, na lau si hivyo, mwalimu asingehitajiwa. Mkono hujifunza kosa kwa urahisi uleule unaojifunza usahihi.

Pengine itasemwa kuwa mashine ni mali ya mtu, na mtu ana haki juu ya mali yake. Hoja hiyo ingesimama kama angekwenda baharini peke yake. Lakini katika vyombo vingi vya uvuvi vya mwambao huu, pato hugawanywa kwa mafungu: hutolewa gharama ya mafuta, kisha chombo kikapata fungu lake, mashine fungu lake, na mabaharia yao. Maana yake ni kuwa kila baharia ameilipia mashine ile kila siku aliyorudi na samaki. Hati ya umiliki ni ya mmoja, lakini uhai unaoning'inia katika bolti zile ni wa wote. Na kitu kinachoshikwa na mmoja kwa ajili ya uhai wa wengi kina jina lake katika Kiswahili: ni amana.

Pwani hii inaijua gharama ya amana kuvunjwa. Mwezi Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyobeba watu kupita kiasi chake, ilizama ikielekea Pemba. Na Julai 2012 ikafuata Skagit, ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja. Mambo yaliyozizamisha hayakuwa ya gasketi, na ukubwa wa misiba ile haulinganishwi na boti ya wavuvi sita. Kinachofanana ni hali ya aliyepanda: aliweka roho yake katika mambo ambayo wengine waliyajua, yeye hakuyajua.

Je, jawabu ni kumwachia fundi kila kitu? La. Fundi naye ana njia zake za mkato, na stakabadhi ya malipo haielei. Mwenye chombo asiyejua lolote la mashine yake hawezi hata kumuuliza fundi swali lenye maana. Kwa hiyo kujua ni wajibu, na kutenda kwa mkono wako hakuna aibu. Swali ni nani mwingine aliyeona.

Na usemi wa wahenga ukitazamwa kwa utulivu, hausemi zaidi ya hayo. Kinyozi aweza kujinyoa shavu. Hutazama kioo na wembe ukapita. Asichoweza kukifikia kwa jicho lake ni kisogo. Hapo humwita mwenziwe, hata kama mwenziwe ana ujuzi haba kuliko wake, kwa sababu anachomwomba ni jicho tu. Ndivyo ilivyo kwa mwenye boti. Kabla kifuniko hakijafungwa, na aitwe mtu mwingine aulaze ule mstari wa rula kwa mkono wake, auone uso wa chuma, na asikie sababu iliyoiunguza gasketi ya kwanza. Mashine na iwashwe katika pipa la maji, mchirizi utazamwe mpaka joto litulie. Safari ya kwanza na iwe ya mchana, karibu na pwani, kasia likiwa chomboni. Na mabaharia waambiwe kwa maneno yaliyo wazi: mashine imefunguliwa, imefungwa na fulani, haijajaribiwa mbali. Atakayeamua kubaki nchi kavu siku hiyo asiitwe mwoga, kwani amepewa haki yake ya kujua, naye ameitumia.

Kujitegemea kwa namna hiyo hakupungui kitu. Mtu bado ameushika mpini, bado ameokoa fedha yake, bado ameijua mashine kwa vidole vyake. Alichokikataa ni upweke wa kujihukumu mwenyewe. Na baharia aliye usingizini juu ya nyavu, usiku, nje ya Mbudya, akisikia mlio ule usiobadilika chini ya nyota, atakuwa amelala kwa imani yenye msingi.