Motokaa ya Kuiga

Wahenga wametuonya kwamba mwiga tembo hupasuka msamba, na wengi wetu tumeichukua methali hiyo kana kwamba ni hukumu juu ya kila mwigo. Lakini mtoto hujifunza kusema kwa kuiga, na hapana mshairi aliyetunga ubeti kabla ya kusikia beti za wengine. Basi, msomaji wangu, nataka tuulizane swali lililo jepesi kwa kulitamka na gumu kwa kulijibu: mtu aigaye kazi ya mwenziwe, akaiiga kwa mikono yake mwenyewe hata mwigo ukafanana na asili, je, huyo ni fundi au ni mwongo? Nimechagua mfano wa motokaa, maana motokaa haisukumwi na maneno matupu.

Huko Uingereza, mwaka 1957, mhandisi Colin Chapman wa kampuni ya Lotus alitoa motokaa ndogo ya spoti iliyoitwa Seven. Ilikuwa na viti viwili, ilikaa chini karibu na ardhi, na wepesi wake ulikuwa ndio nguvu yake, hata injini ndogo iliweza kuikimbiza. Wengi walioinunua waliletewa vipande, wakaviunga wenyewe nyumbani, kwa kuwa kodi iliyotozwa motokaa nzima haikutozwa vipande. Mwaka 1973 haki ya kuiunda ilihamia kampuni ya Caterham. Kisha mwaka 1996 Ron Champion alitoa kitabu ambacho jina lake lenyewe liliahidi kwamba mtu aweza kujiundia motokaa ya spoti kwa gharama ndogo kama pauni 250. Motokaa iliyoelezwa humo ilifuata umbo la Seven, na kila aliyeijua ile ya kwanza aliutambua mwigo mara moja. Watu wa kazi za kawaida wakaanza kukata vyuma katika mabanda ya nyumba zao.

Tazama kazi yenyewe ilivyo. Mtu hununua mabomba ya chuma ya mraba, upana wake milimita 25 hivi. Huyakata kwa msumeno, huyapanga juu ya ubao ulionyooka, kisha huyachomelea moja baada ya jingine mpaka yawe fremu. Hutafuta Ford Escort kuukuu, akaing'oa injini, giaboksi, ekseli ya nyuma na breki. Hukunja mabati ya alumini yawe ubavu wa motokaa. Kipimo kikipotoka kidogo upande mmoja, magurudumu hayapatani, na usukani huvuta kando. Haya yote hufanywa jioni na siku za mapumziko, kwa miezi, pengine kwa miaka. Na wako walioshindwa njiani wakaiacha fremu ipate kutu nyuma ya nyumba.

Sasa niambie, mtu huyo ameiba nini? Umbo si lake, nakubali. Hakulibuni, wala hangeweza kulibuni. Lakini siku ya kwanza aliona katika mchoro bomba moja limelazwa mshazari, asijue kwa nini. Akaunga pembe nne peke yake, akaisukuma kwa mkono, ikalegea na kupinda. Akatia lile bomba la mshazari, pembe nne ikawa pembe tatu mbili, akasukuma tena, isitikisike. Tangu saa hiyo fikira iliyokuwa kichwani mwa Chapman imo pia katika kiganja cha fundi huyu wa jioni, wala hakuna aliyepungukiwa. Tajiri aliyeinunua Seven ya asili anayo karatasi ya kuthibitisha asili yake, na pengine hajui bomba lile liko wapi. Simlaumu; fedha zake ni zake. Nasema tu kwamba kumiliki ni jambo moja na kujua ni jambo jingine.

Ningependa kuliacha shauri hapa, lakini halijaisha. Nchini Marekani mtu mmoja aliunda na kuuza miili ya motokaa iliyofanana na Ferrari za namna mbili, Daytona na Testarossa. Ferrari wakamshtaki, na mwaka 1991 mahakama ya rufani ikawapa haki. Mshtakiwa alisema wanunuzi wake hawakudanganywa, maana walijua wanachonunua. Majaji wakajibu kwamba mnunuzi siye mtu peke yake mwenye macho; wako watakaoiona barabarani, wakadhani ni Ferrari, na hao hakuna aliyewaambia lolote. Jaji mmoja kati ya watatu hakukubaliana na wenziwe. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilikuwa upande wa jaji yule mmoja. Siku hizi sina hakika.

Huwezi kusema kwamba mtu amesema uongo ikiwa hakufungua kinywa. Lakini nembo husema, na umbo husema, na ukimya nao husema. Serikali ya Uingereza imetafuta njia yake. Motokaa ya kuundwa nyumbani hukaguliwa kwanza, breki zake, taa zake, hata ncha kali zinazoweza kumkata mtu. Na ikiwa imeundwa kwa vipande ambavyo umri wake haujulikani, hupewa namba inayoanza kwa herufi Q. Hivyo kibao chenyewe hukiri. Wako mafundi wanaoichukia herufi hiyo, nami hustaajabu: mtu hujisifu kwa marafiki kwamba ameiunda mwenyewe, kisha huona haya kibao kikitamka karibu maneno yayo hayo.

Hata asili yenyewe haina mpaka ulio wazi. Mwaka 1963 kampuni ya Jaguar ilitenga namba 18 kwa E-Type nyepesi za mashindano, ikaunda 12 tu. Mwaka 2014 ilitangaza kuziunda zile 6 zilizobaki. Mikono iliyoziunda siyo ile, chuma siyo kile, na nusu karne imepita katikati. Je, hizo ni asili kwa kuwa jina ni la mwenyewe? Jibu ukiwa na ujasiri. Mimi nimelijaribu swali hili mbele ya darasa, na darasa likagawanyika pande mbili mpaka kengele ikalia.

Lakini swali la ukimya silioni kuwa la Waingereza wala la Wamarekani. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, kaka yangu mkubwa aliunda lori la waya, mfano wa lori lililokuwa likibeba mchanga kijijini kwetu. Magurudumu aliyakata katika kandambili zilizochakaa, na usukani aliufunga kwenye waya mrefu uliofika kifuani, ili mtu aliendeshe akiwa wima. Akanipa niliendeshe. Njiani watoto wa mtaa wa pili wakalizunguka wakilisifu, na mmoja akaniuliza, “Umelitengeneza wewe?” Sikusema ndiyo. Nilitabasamu tu, nikalipiga kona mbele yao.

Kona ya pili ekseli ya mbele ikachomoka. Watoto wakanipisha, wakangoja nilitengeneze lori langu. Nilishika waya nisijue upande upi wa kuukunja, jasho likanitoka. Nilipoinua macho nilimwona kaka yangu amesimama nyuma yao. Sijui alifika saa ngapi. Hakuniumbua. Alitoa koleo mfukoni, akanipa, akachuchumaa kando yangu, na kwa kidole akanionyesha mahali pa kukunja. Nilikunja, waya ukavunjika. Akanipa mwingine.