Mwangwi wa Mtu Anayesonga

Ukikaa Kibera karibu na reli, jambo la Christian Doppler unalijua hata kama jina lake hulijui. Treni ikija, wamama wanavuta bidhaa kando, honi inalia nyembamba. Ikishapita, honi ileile inakuwa nzito. Doppler alilieleza mwaka 1842.

Lakini kuna la pili, ambalo kelele za mtaa hutuficha. Tuseme umesimama kwenye reli unapiga filimbi ya mitetemo 400 kwa sekunde, na treni inaenda zake, mita 10 kila sekunde. Sauti inaifikia kama 388. Mwangwi unaokurudia ni 377. Imebadilika mara mbili: ilipopokelewa, kisha iliporudishwa. Ile mashine ya kliniki inayosikiliza moyo wa mtoto tumboni inategemea mabadiliko hayohayo.

Haya nilisoma mwaka wa kwanza, kabla karo haijanishinda nikaacha chuo. Rafiki yangu wa Kawangware alimaliza. Siku hizi ana kazi, alishahama mtaa. Juzi nilimtumia meseji: "Uko aje msee, umepotea." Nadhani alisikia lawama. Akajibu: "Niko poa bro, kuna shida gani?" Mimi nikasikia mtu anayeogopa kukopwa.

Nani kakosea? Mtaani hukumu ni chapchap: aliyehama ndiye amebadilika, ameanza madharau. Kwa sauti, hukumu kama hiyo inaweza kusimama, maana kuna hewa, na unaweza kupima nani anasonga ndani yake. Mwanga haukupi hiyo nafasi. Einstein alionyesha mwaka 1905 kwamba hakuna kitu cha namna hiyo cha kupimia. Kuna mwendo wako ukilinganishwa na wangu, basi. Sisi tuliobaki tunapenda kujifanya mtaa ndio hewa.

Na mimi, kwani nimesimama? Tangu niache chuo nanusa dharau hata pale ambapo haijapikwa. Huo pia ni mwendo, tena wa kurudi nyuma. Kumdai anirudishie sauti yangu vilevile nilivyoituma ni kumdai asisonge, na hilo sina haki nalo. Ninachoweza kumdai ni ajibu. Na alijibu, si alijibu?

Nimeandika: "Hakuna shida. Nilikukumbuka tu." Nimefuta "tu". Nimeirudisha. Bado sijatuma.