Kinga ya Silaha Haiguswi kwa Tupa

Wanangu wa Amani na Muheza, nimesikia vijana wakijisifu kuwa wamefungua silaha, wamelisugua jino la ndani kwa tupa na msasa, na sasa triga ni laini, ukigusa tu imelia. Wengine wameiga video za simuni zinazoonyesha wachezaji wa bastola wakifyatua kwa kasi. Neno langu ni moja: kinga iliyomo ndani ya silaha si mali ya mwenye silaha. Ni haki ya kila aliye karibu naye, na hakuna aliyempa ruhusa ya kuiondoa.

Sikilizeni inavyofanya kazi. Silaha ikishakokiwa, springi nzito inataka kuisukuma nyundo mbele, na kinachoizuia ni jino dogo la chuma. Kwenye bastola nyingi za mashindano sehemu linaposhikia haifiki milimita moja. Mara nyingi chuma hicho kimetiwa ugumu wa juu kiwandani. Tupa ikishaula, chini yake kuna chuma laini kinacholika kila unapofyatua. Leo jino litashika, kesho litaachia bila kuguswa.

Kuna na vizuizi vya ndani. Bastola ya Glock ina vitatu: cha kwanza hakiruhusu kifyatulio kirudi nyuma bila kidole, cha pili huiziba njia ya pini inayogonga fataki, cha tatu huzuia isijifyatue ikidondoka. Ukikitoa kimoja ili triga iwe nyepesi, silaha itapiga vilevile na shabaha itakuwa ileile. Zaidi ya wepesi huo hutaona tofauti yoyote mpaka siku itakapokuponyoka mkononi.

Hata viwanda hukosea hapa. Mwaka 2017 ilibainika kwamba bastola aina ya P320 ya kampuni ya Sig Sauer inaweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani. Silaha ilikuwa imekwisha gota chini, lakini kifyatulio, kwa uzito wa chuma chake, kiliendelea na mwendo kana kwamba kimevutwa. Agosti mwaka huo kampuni ilianza kuwabadilishia wateja vipuri, kikiwemo kifyatulio chepesi zaidi. Ikiwa gramu chache ziliwapita wahandisi wenye vipimo, sembuse wewe na tupa yako kibarazani?

Na hao wachezaji wa video mnaowaiga wana sheria zao. Katika mashindano ya Shirikisho la Kimataifa la Ulengaji Shabaha, kifyatulio cha bastola ya mita 25 lazima kihimili gramu 1,000. Mtutu huelekezwa juu, uzito ukaning'inizwa kwenye kifyatulio, na silaha ikijifyatua haikubaliki. Wachezaji wa bastola za kujihami nao hukatazwa kuzima kizuizi chochote cha usalama, na anayeidondosha silaha yenye risasi hutolewa mchezoni. Kasi yao imetoka kwenye mazoezi ya miaka.

Huku kwetu hatari kubwa ni gobore. Gobore halina kizuizi cha ndani. Kinga yake ni lile jino linaloshika nyundo, pamoja na akili ya aliyelibeba. Fataki ikishapachikwa na nyundo kuvutwa nyuma, jino lililosagwa halihitaji kidole. Utateleza kwenye tope la kushukia mtoni, au kamba ya msituni italinasa, na anayetangulia mbele yako ni ndugu yako. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa, damu humaliza mtu kwa dakika chache, na toka Amani mpaka hospitali ya Muheza ni kilomita zaidi ya 30 za kona.

Basi shikeni haya. Silaha yenye leseni ikisumbua, mpelekee fundi mwenye leseni, aiwekee vipuri vya kiwandani. Ukipewa silaha usiyoijua historia yake, ihesabu kuwa imechokonolewa mpaka ikaguliwe. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umekusudia kupiga, na mtutu usimwelekee mtu hata ukiambiwa hakuna risasi. Silaha isiyo na kibali, iwe gobore au bastola, ipelekwe polisi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mzaha, na msitu wa Amani ni hifadhi tangu 1997, hauingiwi kwa kuwinda. Nanyi mafundi wa vyuma, kijana akikuletea mtambo umlainishie, mkatalie. Ukiukubali, damu itakayomwagika una fungu lako.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Ajali ya silaha inayo, nayo imewekwa humo ndani makusudi na aliyeiunda. Mwenye kuitoa kwa mkono wake asije akasema ni kudra. Wanangu, iacheni ilivyo.